Wapya wodini, tuongee kuhusu sodiamu

Leo kwenye raundi nimeisikia tena: "Sodiamu ni 122, mgonjwa kapungukiwa chumvi, nimemwanzishia dripu ya salini, yaani maji ya chumvi." Mgonjwa mwenyewe miguu imevimba hadi magotini. Nikameza mate. Wanangu, nawapenda, lakini mtaniua.

1. Ile namba ni uwiano wa sodiamu na maji, siyo akiba iliyomo mwilini. Akiba utaiona kwa macho: uvimbe, mishipa ya shingo, presha anaposimama.

Nalijua hili kwa aibu. Nikiwa mpya kama nyie, zamu ya usiku, alilazwa mzee mwenye moyo dhaifu, sodiamu 124. Nikaandika lita mbili za salini, kifua mbele. Sista akaniuliza taratibu, "Daktari, na huu uvimbe?" Nikamjibu jibu ambalo hadi leo likinijia masikio yanawaka. Saa nane za usiku akanigongea: "Njoo, babu anazama." Nilimkuta ameketi kitandani, anahema kwa mabega, povu la rangi ya waridi mdomoni. Oksijeni, furosemidi (dawa ya kukojoza maji na chumvi), dripu nje. Alipona. Mimi ndiye niliyechelewa kupona.

Asubuhi bingwa hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliuliza tu: "Sodiamu ya mkojo?" Sikuwa nimeipima. Bahati sista alikuwa amehifadhi mkojo wa jioni, kabla ya dripu. Majibu: 8, kidogo mno. Figo zilikuwa zinang'ang'ania kila chembe ya sodiamu! Figo haioni miguu iliyojaa. Inachohisi ni kwamba damu haiifikii vya kutosha. Basi inaamsha mnyororo wa homoni: inatoa renini, anjiotensini inapanda, aldosteroni inaamuru chumvi ibaki, na homoni nyingine, ADH, inabakiza maji mengi kuliko chumvi. Ndiyo maana namba ilishuka huku mwili umefurika. Nami nikaja na lita mbili zaidi.

2. Mkojo wa kupima sodiamu uchukuliwe kabla ya furosemidi. Baada ya hapo unapima dawa.

3. Msidharau asilimia ndogo. Figo huchuja takribani lita 180 kwa siku, zenye sodiamu kama milimoli 25,000. Karibu theluthi mbili hurudishwa kwenye damu katika sehemu ya mwanzo ya mrija wa figo, robo katika kitanzi cha Henle, sehemu inayofuata, na aldosteroni huachiwa makombo ya mwisho. Kijana mmoja aliwahi kuniambia makombo hayo si kitu. Nikampa chaki: asilimia moja ya 25,000 ni ngapi? 250. Wengi wetu hatuli sodiamu kiasi hicho kwa siku. Alirudi kwenye kiti kimya, na sasa ndiye anayewasumbua wenzake kwa swali hilohilo.

4. Sodiamu iliyokaa chini muda mrefu isipandishwe zaidi ya milimoli 8 kwa lita ndani ya saa 24. Ubongo hausamehe haraka yenu.

Mgonjwa wa leo tumemtoa dripu, tumempunguzia maji ya kunywa, furosemidi imeingia. Nikauliza mkojo wa kupima uko wapi. Umemwagwa.