Kwa wahudumu wapya: mgeni hajibiwi kwa kukisia

Jana usiku nilimsikia mmoja wenu akimwambia mgeni asiyekula nyama wala samaki kwamba supu ya miso, ile ya Kijapani ya soya iliyochachushwa, ni "ya mboga tu". Nikaikamata bakuli kabla haijafika mezani. Supu ile huanza na dashi, yaani mchuzi wa msingi wa Kijapani, dashi yetu ina katsuobushi, na katsuobushi ni samaki, jamii ya sehewa, aliyekaushwa kwa moshi mpaka akawa mgumu kama gogo. Nimeshayasema haya kwa mdomo mpaka koo limekauka. Leo naandika, wadogo zangu.

1. Kombu ya dashi haichemshwi. Ni mwani, naam, lakini moto wake ni wa taratibu, na maji yakikaribia kuchemka unaitoa. Ukiisahau inatoa utelezi na uchungu, na ile ladha ya umami, ule utamu mzito wa mchuzi, ambayo Profesa Kikunae Ikeda aliigundua ndani yake mwaka 1908 inafunikwa, kwa sababu wewe ulikuwa unachati.

2. Jodari asiye na barafu hatununui, hata kama mvuvi ni mjomba wako. Akishalala juani anafanya histamini, sumu inayomdhuru mlaji, na moto hauiondoi. Ukienda diko la Malindi, tia mkono ndani ya boksi uhakikishe. Na vijiti msivichomeke wima kwenye wali. Kwa Wajapani hiyo ni alama ya msiba.

3. Mirin, kile kiungo kitamu cha majimaji cha Kijapani kinachotiwa kwenye sosi nyeusi. Hapa nivumilieni.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mkahawa mwingine, viti kumi, humu humu Mji Mkongwe. Usiku mmoja akaingia Maalim wangu, yule aliyenisomesha chuoni nikiwa mtoto, pamoja na mkewe na binti yao aliyekuwa amemaliza chuo kikuu. Nilifurahi mno. Nikawapa kona nzuri, nikawapelekea nguru wa kuchoma aliyepakwa sosi nyeusi inayong'ara, na pembeni sosi ya siagi ya Kifaransa. Maalim akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, humu hamna kilevi?"

Nikamjibu palepale, "Hamna, Maalim. Kuleni kwa raha zenu." Akilini nilikuwa nawaza mvinyo tu, na siku ile sosi ya siagi tuliitengeneza kwa ndimu badala ya mvinyo. Mirin nilikuwa naiita sukari ya Kijapani, kama nilivyoambiwa na aliyenifundisha kazi.

Wakamaliza. Bi mkubwa akaomba sosi nyeusi zaidi. Nikaenda jikoni, chupa ya mirin iko juu ya meza, kwa mara ya kwanza nikaisoma: kilevi asilimia 14. Miguu iliniisha nguvu. Ningeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Nikatoka, nikamwomba Maalim tuzungumze nje barazani, nikamwambia.

Hakupandisha sauti. Aliomba maji, akasukutua. Kisha akaniuliza, "Ulikuwa unajua?"

"Sikujua, Maalim."

"Basi kwa nini ulisema hamna?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kwa miezi nilizunguka vichochoro nisipite mbele ya nyumba yake. Siku ya Idi nikajikaza, nikaenda kumwomba radhi. Alinipa, akanikaribisha kahawa. Lakini mkono wangu ulitetemeka kwenye kikombe.

Kwa hiyo asiniambie mtu "imeshapikwa, ulevi umetoka". Hautoki wote, na hata ungetoka, wa kuamua ni mgeni. Sema, "Naomba nimuulize mpishi," halafu kweli ukamuulize. Dakika moja tu. Kwa wasiotumia mirin tuna sosi ya ndimu na tangawizi, yenye sufuria yake na mwiko wake. Mwiko usihamishwe.

4. Omakase maana yake mgeni amemwachia mpishi amchagulie. Basi yale asiyokula lazima yajulikane anapoweka nafasi, si sahani ya tano ikishapambwa. Mpishi anapanga tangu asubuhi, akitoka sokoni Darajani, na kwa viti vinane hakuna samaki wa akiba.

Leo viti vyote vimeshachukuliwa. Kiti cha tatu karanga zinamdhuru, cha sita na cha saba hawagusi mirin, na yule mgeni wa jana anarudi. Daftari liko kando ya simu. Lisomeni kabla hamjafunga aproni.