Darasa moja, miembe tofauti

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida na wenzake, isipokuwa pale mahitaji yake ya mawasiliano yanapodai shule maalumu. Sina ugomvi nayo. Ila hakuna sheria inayosema kengele ya saa nne ikigongwa utakaa na nani chini ya mwembe. Mimi nilitengwa huko, wala si darasani.

Nina ualbino. Nilisoma sekondari ya bweni hapa Tabora, shule iliyokuwa na wasichana wasioona, wenye uoni hafifu kama mimi, na mmoja aliyetumia kiti mwendo. Sasa nafundisha, na wanafunzi huja kuniuliza, "Madamu, fulani tumsaidieje?" Nawasifu kwa kuuliza, kisha nawauliza jana jioni walicheza na nani. Hapo wengi hutazamana.

Tuanze na ubao, maana haukwepeki. Wengi wetu wenye ualbino macho huchezacheza, na mwanga mkali hutuumiza. Miwani husaidia, haimalizi. Hata nikikaa dawati la mbele kabisa, maandishi ya ubaoni yalikuwa moshi mweupe. Wengi walikuwa na huruma ya kunipa daftari usiku, nikawa nanakili wakati wao wamelala. Rafiki yangu mmoja wa Sikonge alifanya tofauti: alinong'ona kila alichokuwa anaandika, tukamaliza pamoja. Mwalimu wa Hisabati naye alikuwa na mtindo wa kusema, "Hii ukiigawa kwa hii unapata hii." Huyo rafiki ananyoosha mkono: "Mwalimu, hii ni ipi?" Anauliza kana kwamba aliyepotea ni yeye. Mwalimu alikereka wiki za mwanzo, baadaye akazoea kuzitaja namba, na darasa zima likafaidika. Mimi sikutajwa hata mara moja. Igeni hilo. Mtu wa miaka kumi na mitano hataki kusimamishwa mbele ya darasa kama sababu ya utaratibu mpya.

Wakati wa mitihani huwa nasikia manung'uniko ya "wao wanaongezewa muda". Ni kweli. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na wenye uoni hafifu hupata karatasi za maandishi makubwa. Kabla hujanuna, mwombe mwenzako asiyeona akuonyeshe nukta nundu. Herufi moja ni nukta zisizozidi sita, na kidole huzipapasa herufi moja baada ya nyingine. Jedwali unalolimaliza wewe kwa kulitupia jicho, yeye hulipita safu kwa safu.

Sasa zamu za usafi, ambako urafiki mwingi wa bweni huzaliwa au kufa. Jua la Tabora mwezi wa tisa mnalijua. Mwenye ualbino akifyeka nyasi saa saba mchana ngozi inababuka, na miaka ya kuungua hivyo ndiyo inayoleta saratani. Shule nyingi suluhisho lao ni kumwambia akae kivulini. Akikaa, wanaofyeka wanamwona mvivu. Hawasemi, lakini usiku hakuna anayemgawia michembe. Kwa hiyo kiranja, usimsamehe zamu, mbadilishie. Apewe masufuria ya bwalo, au kufagia bweni alfajiri kabla jua halijachomoza. Asiyeona anaweza kupiga deki vizuri kuliko wewe unayekimbilia prepo. Mimi nilishika masufuria, na nilipoyaacha na ukoko nilisemwa kama wengine. Kusemwa kule kulinifaa sana.

Michezo ni kiporo kingine. Jioni wenzangu wakienda netiboli, mimi nilikuwa mlinzi wa nguo na malapa. Kila siku. Walidhani wamenishirikisha, kwa kuwa nilikuwa pale uwanjani. Mkitaka kumshirikisha mtu, mpeni nafasi ya kushinda na ya kushindwa. Sogezeni mchezo mpaka jua lipoe, mchague mpira wa rangi isiyofanana na vumbi. Mkiona uwanja haumfai, kuna bao: asiyeona huzihesabu kete kwa vidole, na nimeona wajuaji wakilambishwa mchanga. Karata zikitobolewa nukta pembeni nazo huchezeka. Kuna kwaya, kuna midahalo. Ila msimrundikie kwaya kwa imani kwamba kila asiyeona anaimba. Tulikuwa na mmoja mwenye sauti ya kukwaruza hasa, na kila mwalimu mgeni alimpeleka kwenye kwaya.

Kumwongoza asiyeona ni jambo dogo likifanywa sawasawa. Taja jina lako kwanza, usimchezeshe "nani mimi?" Uliza kama anataka mkono, akitaka, yeye ndiye akushike juu ya kiwiko, wewe utangulie nusu hatua. Usivute fimbo yake. Ukiondoka, sema unaondoka, asije akabaki anaongea na ukuta watu wakicheka. Na ndoo zisiachwe njiani bwenini. Mlango ufunguliwe wote au ufungwe wote, maana ulio nusu ndio unaopasua paji la uso. Kiti mwendo nacho ni sehemu ya mwili wa mwenyewe: usikisukume bila kuambiwa, hata kwenye mchanga huu wetu unaomeza magurudumu.

Kwa wenzetu viziwi nina machache, kwani wengi husoma shule zao. Ya hapa Tabora ipo tangu 1963. Lakini wapo wanafunzi wasiosikia vizuri katika shule zenu, na wengi wanaficha. Ongea ukimtazama. Umeme ukikatika, mulika uso wako na mikono yako, usimmulike yeye machoni. Kikundi kikicheka naye akauliza kulikoni, mwambie hapo hapo. "Nitakwambia baadaye" ndilo jibu analolipata maisha yake yote, na hiyo baadaye haifiki.

Jambo moja wengi hawalijui. Baadhi ya wenye ualbino wa ukanda huu walilelewa katika vituo vya ulinzi, kama Kabanga kule Kasulu, enzi za hofu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Waliishi ndani ya uzio mbali na wazazi wao. Mwenzako akikataa kwenda sokoni jioni, au akigeuka kila akisikia hatua nyuma yake, usimwite mwenye maringo. Mwambie mko wangapi, mnapita njia gani, mnarudi saa ngapi. Halafu mwachie aamue. Na habari za nyumbani kwao usimchimbe. Akitaka kusimulia atasimulia.

Majina ya utani siyarudii hapa, mnayajua. Anayeyasema akemewe na rafiki yake wa karibu, pembeni. Mwalimu akimchapa atayasema kwa sauti ya chini tu.

Mwisho, gombaneni nasi. Nakumbuka msichana aliyenifokea kwa kutumia sabuni yake bila ruhusa, bweni zima likanyamaza likimwona katili. Sabuni nilikuwa nimeazimwa na dada yake, ila hilo halina uzito hapa. Kitu nilichokipenda ni kwamba alinifokea kama anavyomfokea yeyote. Wengine walikuwa wakinichekea tu, na mtu wa kukuchekea tu hawezi kukuambia sketi yako imechafuka.

Kidato cha kwanza wakiripoti Januari, mkimwona mgeni mwenye fimbo nyeupe au kofia pana, msisubiri matroni apange kila kitu. Mtembezeni siku ile ile mpaka chooni, bombani na bwaloni, kwa njia moja na irudieni. Kisha muulizeni anataka kitanda kipi. Watu wazima watakimbilia kumpa cha chini, karibu na mlango. Mimi nilitaka cha juu.