Maswali na majibu: lita moja ya petroli inakufikisha wapi?

Maswali ya safari hii yote yameangukia kwenye mafuta. Tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyajibu pamoja.

Nasikia redioni pipa limeshuka. Nikenda sheli, bei ni ile ile. Nani anatudanganya? (Dereva wa daladala, Amani)

Huenda hakuna. Pipa linalotajwa redioni ni la mafuta ghafi, na ghafi haitiwi kwenye gari. Pipa moja ni lita 159, kwa hivyo likiwa dola 80, lita ya ghafi ni kama nusu dola. Tanzania haina kiwanda kinachosafisha mafuta. TIPER ya Kigamboni iliacha kazi hiyo zamani, imebaki kuhifadhi. Tunanunua petroli na dizeli zilizokwisha kusafishwa, nazo zina soko lao. Viwanda vya kusafisha vikizidiwa, ghafi inaweza kushuka na dizeli ikapanda wiki hiyo hiyo. Hapo hujaweka nauli ya meli, bima, kodi, faida ya muagizaji na ya mwenye kituo. Mzigo hulipwa kwa dola, basi shilingi ikilegea, bei hupanda hata kama pipa halikutikisika.

Kisha kuna muda. Mafuta unayotiwa leo yalinunuliwa wiki kadhaa nyuma, na ZURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta Zanzibar, hutangaza bei mara moja kwa mwezi. Kushuka kunachelewa, na kupanda kunachelewa vile vile, ila kuchelewa kupanda hakuna anayekuja kushukuru.

Mwalimu kasema mafuta ya dunia yatakwisha baada ya miaka 50. Kweli? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Chake Chake)

Mwalimu hakosei hesabu. Akiba inayojulikana ni kama mapipa trilioni 1.7, na dunia inatumia takriban mapipa milioni 100 kwa siku, yaani bilioni 36.5 kwa mwaka. Gawanya, utapata miaka 46 na kitu. Tatizo ni maana ya neno akiba: huhesabiwa yale tu ambayo kuyachimba kunalipa kwa bei na mitambo iliyopo. Bei ikipanda, akiba inaongezeka bila ya tone jipya kuzaliwa ardhini.

Mwaka 1956 mwanajiolojia M. King Hubbert alikadiria kwamba uchimbaji wa Marekani ungefika kilele baina ya 1965 na 1970. Kilele kikaja 1970 kweli. Baadaye wakajifunza kupasua miamba migumu kwa maji yenye shinikizo, na 2018 wakaipita rekodi ile. Lakini visima vya miamba hiyo huanguka zaidi ya nusu ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili, kwa hivyo lazima uchimbe vipya kila siku ili ubaki pale pale. Fikiria kisima cha shamba wakati wa kiangazi: maji yapo, kamba ndiyo inayozidi kurefushwa, na kamba ina bei.

Kama ulikuwa unafikiria mafuta ya kwetu, BP na Shell walichimba visima vya majaribio Unguja na Pemba miaka ya 1950 na 1960 bila ya kupata mafuta ya biashara, na 2018 Serikali ya Mapinduzi ilitiliana saini na kampuni ya RAK Gas kutafuta mafuta na gesi kwenye kitalu cha Pemba-Zanzibar. Yakipatikana yataleta mapato. Bei ya sheli haitashuka kwa hilo, kwa sababu mwenye mafuta huuza kwa bei ya dunia.

Assalamu alaykum. Mashua yetu ni ya mita 7, mashine ya nguvu za farasi kumi na tano, ya kuchanganya oili. Kutoka na kurudi inakunywa lita 20 na samaki hawalipi. Tufanyeje? (Nahodha, Kojani)

Wa alaykum salaam, nahodha. Anza na mkono wako kabla ya kuigusa mashine. Chombo kizito cha mita 7 kina mwendo wake, kama maili 6 za bahari kwa saa. Ukikilazimisha zaidi hakiendi, kinapanda wimbi lake chenyewe. Utaona kwa macho: tezi inakaa chini, omo inanyanyuka, na nyuma unaburura mlima wa maji. Mlima huo ndio petroli yako. Ukishuka kutoka maili 6.5 hadi 5, safari ya saa moja itakuwa ya saa moja na dakika 18, lakini njia iliyokula lita 10 itakula 6 au 7. Mashine hii ikifunguliwa mwisho hunywa lita 6 na zaidi kwa saa, na nusu ya hizo ni za haraka tu.

Pili, tumbo la chombo. Mwani na chaza zilizoganda chini zinakula mafuta kuliko watu wanavyodhani. Bamvua ikifika kipandishe pwani, kwangua, kichome kwa makuti, kisha paka shahamu na chokaa kama walivyofanya wazee. Baada ya wiki nne hadi sita rudia. Wanaoacha miezi mitatu huanza kulaumu kabureta.

Tatu, mashine ilivyofungwa. Kile kibao cha bapa kilicho juu ya propela kikae sawa na mkuku au chini yake kwa sentimita 2. Kikiwa juu zaidi, propela inachota hewa, mashine inalia na chombo hakiendi. Kikiwa chini sana unaburura chuma ndani ya maji. Propela yenyewe ipitishe kidole ukingoni: ikiwa imepinda au imeng'oka kipande, mpelekee fundi. Na ikiwa mashine nzima imefunguliwa na bado inaguna kama iliyobebeshwa, propela ina mkato (mwinamo wa mabawa) mkubwa mno kwa mzigo wako. Tafuta yenye mkato mdogo, ndiyo ya kazi. Ile kubwa ni ya boti nyepesi za watalii.

Oili ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, basi dumu la lita 20 ni mililita 400. Mashine mpya, saa 10 za mwanzo, ongeza ziwe 800. Iwe oili ya mashine za baharini yenye alama TC-W3, si ya gari. Pima kwa chupa yenye mistari, si kwa jicho. Ikizidi, plagi inaloa na kuwa nyeusi, moshi unajaa, mashine inakuwa nzito kuwaka. Ikipungua, pistoni inashika, na hapo unazungumzia bei ya mashine nzima. Tikisa dumu kabla ya kutia, kwa sababu mchanganyiko uliolala siku nyingi hautegemeki.

Halafu, kwa nini tanga limeachwa nyumbani? Kusi na kaskazi zikishika, mashine ni ya kutokea mlangoni na ya kubishia upepo. Njia iliyobaki tweka, na mashine inyanyue itoke majini, maana propela iliyokufa inaburura. Wakati wa malelezi, sawa, utakuwa mtumwa wa petroli. Miezi mingine si lazima. Mashine ya oili mbali hupunguza matumizi kwa karibu theluthi, lakini ni nzito na ghali; inunue ile ya zamani ikifa, si kabla.

Nina mashine ya dizeli ya kusagia. Minazi ninayo. Naweza kutia mafuta ya nazi? (Makunduchi)

Itawaka, ndiyo. Kule Bougainville, kisiwa cha Papua New Guinea, watu waliozingirwa miaka ya 1990 waliendesha magari kwa mafuta ya nazi. Lakini wao hawakuwa na dizeli ya kununua. Wewe fanya hesabu: kwa kukuna na kukamua nyumbani, lita moja inataka nazi 10 hadi 15. Hata nazi ikiwa shilingi 500 tu, umeshafika 5,000 kabla ya kuni na jasho. Nazi hiyo iuze, ununue dizeli, utabakiwa na chenji.

Kwa asiyesikia: mafuta ya nazi ni mazito mara sita hadi kumi kuliko dizeli, na chini ya nyuzi 24 huganda. Usiku wa kipupwe yataganda kwenye chujio. Yakiwa baridi, nozeli hairushi ukungu bali matone, matone hayaungui yote, masizi yanashika ringi, na oili ya mashine inageuka uji. Wanaofanikiwa huyapasha kwa maji ya moto ya mashine hadi nyuzi 70 au 80, huwasha kwa dizeli, na huzima kwa dizeli ili bomba zisilale na nazi ndani. Mashine za zamani zenye mwendo wa pole huvumilia zaidi kuliko hizi mpya.

Lenye maana zaidi ni mafuta yaliyokaangiwa chipsi kwenye mahoteli ya Nungwi na Kiwengwa, kwa sababu mara nyingi hutupwa. Hayo hugeuzwa dizeli: lita moja iliyochujwa na kukaushwa maji, methanoli mililita 200, kostiki soda gramu 3.5 na nyongeza kulingana na uchakavu wa mafuta, joto nyuzi 55, koroga saa nzima, acha usiku kucha. Gliserini inazama, dizeli inaelea, kisha unaiosha kwa maji na kuikausha. Maji yakiwemo tangu mwanzo utapata sabuni. Methanoli inapofua macho na mwali wake mchana hauonekani, basi hii si kazi ya jikoni wala ya mtu mmoja asiye na fundi wa kemia. Ikishatoka, changanya sehemu moja kwa nne za dizeli, na weka chujio jipya karibu, la kwanza litaziba kwa uchafu wa zamani wa tangi.

Pikipiki ya umeme inalipa? Na umeme wenyewe si utapanda na mafuta? (Mwanakwerekwe)

Umeme wa Unguja unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na wa Pemba kutoka Tanga hadi Ras Mkumbuu tangu 2010. Sehemu kubwa ya umeme wa bara ni maji na gesi asilia, kwa hivyo haufuatani na petroli hatua kwa hatua. Zamani Pemba iliwashiwa majenereta ya dizeli ya Wesha, na hapo ungekuwa na haki ya kuogopa.

Sasa hesabu ya kilomita 100. Pikipiki ya petroli ya 125 hunywa kama lita 2.5. Ya umeme huvuta uniti 4 hadi 5 kwenye mita. Tuseme petroli ni 3,000 na uniti 500: 7,500 kwa 2,500. Watu husimama hapo wakashangilia. Endelea: betri ikiwa milioni 1.5 na ikadumu chaji 800 za kilomita 70, kila kilomita 100 imekula takriban shilingi 2,700 za betri. Faida halisi ni kama 2,300. Anayetembea kilomita 80 kwa siku ataiona. Anayekwenda kazini na kurudi, pengine hataiona. Weka bei za kwenye risiti yako mwenyewe.

Usiichaji ikiwa bado ya moto baada ya safari. Usiipitishe kwenye maji ya chumvi, na plagi za nyaya zipake grisi, kwa sababu hewa ya pwani hula shaba kimyakimya. Muulize muuzaji kidhibiti kikiungua kipo dukani au kinaagizwa. Akisita, ondoka. Na usiuze Vespa yako mara moja: kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 Unguja nzima ilikaa bila ya umeme.

Mtungi wa kilo 6 haunifikishi wiki mbili, nyumba ya watu 8. Napunjwa? Na lile jiko la presha la umeme ni kweli au mbwembwe? (Mahonda)

Kilo 6 kwa wiki mbili ni gramu 430 kwa siku. Kwa watu 8 si ajabu, Bi, hasa kama maharage yanachemka saa mbili. Lakini pima. Karibu na kishikio pameandikwa T.W., huo ni uzito wa mtungi mtupu. Ikiwa 7.4, mtungi uliojaa lazima usome 13.4. Upimwe dukani mbele yako. Mwali ukiwa wa njano na sufuria inashika masizi, tundu la hewa limeziba, na gesi inapotea hapo. Kwenye mpira na rekuleta paka povu la sabuni. Likitoa mapovu, funga.

Jiko la presha si mbwembwe. Maharage nusu kilo yaliyolowekwa usiku yanaiva kwa chini ya nusu uniti. Kwa jiko la umeme la kawaida, kilo moja ya gesi ni sawa na uniti 9 au 10, basi linganisha bei hizo mbili. La presha linashinda kwa mbali kwa vitu vya kuchemka muda mrefu. Chapati na kukaanga viache kwenye gesi. Tui zito usilitie mapema: linashika chini, jiko linadhani pameungua na linajizima. Chemsha kwa maji au tui jepesi, toa presha, funua, ndipo utie tui zito na liache lichemke dakika tano bila ya kufunika. Lichomeke ukutani moja kwa moja. Waya wa nyongeza mwembamba unayeyuka.

Naweka madumu matatu ya petroli chumbani kabla bei haijapanda. (Wete)

Yatoe leo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi kwenye jiko la jirani. Ukiokoa shilingi 100 kwa lita, lita 60 ni shilingi 6,000. Kama lazima uweke ya chombo, iwe dumu moja la petroli hasa, si la mafuta ya kula, nje, kivulini, na usilijaze hadi shingoni, kwa sababu petroli ikipata joto hufura.