Utazame Mguu Uliosimama

Wiki hii nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa taekwondo, mkanda wa bluu. Anasema: "Shikamoo mwalimu. Wenzangu wote mateke yao yanafika kichwani, langu linaishia kifuani. Kocha anasema nina nyonga ngumu na sitabadilika. Niendelee au nitafute mchezo mwingine?"

Marahaba. Kwanza mimi si mwalimu wa mtu. Ni mwanafunzi wa siku nyingi tu ambaye mwezi uliopita amepata dani ya pili, yaani ngazi ya pili ya mkanda mweusi, na bado hajaacha kuringa. (Kanuni za Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo kule Seoul, zinataka mwaka 1 tu kati ya dani ya kwanza na ya pili. Mimi imenichukua muda ambao mke wangu ameombwa asiutaje mbele za watu.) Lakini hilo la "nyonga ngumu" limenichoma, maana na mimi niliambiwa, tena aliyeniambia hakuninong'oneza.

Ilikuwa siku ya kuchagua timu ya maonyesho. Tulipangwa mstari, kila mmoja apige teke la mzunguko kwenye pedi iliyoshikwa usawa wa uso. Zamu yangu ilipofika, mguu ulipanda mpaka usawa wa bega ukagoma. Kocha akaniambia rudia. Nikarudia, ukagoma palepale. Akawageukia wenzangu akasema, "Huyu miguu yake ni ya kubebea zege." Ukumbi mzima ukacheka, na baadhi ya waliocheka walikuwa rafiki zangu. Kisha akanitupia pedi: "Washikie wenzako."

Wanasema samehe yaishe. Nimesamehe kiasi, kuisha hayajaisha.

Basi nikawa mtu wa pedi. Wenzangu wanafanya mazoezi ya maonyesho, mimi nimenyoosha mkono. Sasa sikiliza jambo ambalo wapigaji wengi hawalijui. Ile pedi ndogo ya mkononi ina vipande viwili vilivyoachana kidogo. Teke likigusa, vipande vinagongana na kutoa mlio mkali, paa! Anayepiga anafurahi, wanaotazama wanapiga makofi. Anayeshika ndiye pekee anayejua ukweli, kwa sababu yeye teke analipokea kwenye kiwiko. Nilishikia mateke yaliyotikisa ukumbi kwa kelele na mkono wangu usisogee hata kidogo. Na kulikuwa na binti mmoja mwembamba, mpole, ambaye teke lake halikulia sana, ila kila likitua kiwiko changu kinarudi nyuma na bega linafuata. Jioni mkono mzima umekufa ganzi.

Nikaanza kumchunguza. Mwanzoni nilitazama mguu unaopaa, kama kila mtu, na sikuona cha ajabu. Siku moja nikashusha macho. Kabla goti lake halijafunguka, kisigino cha mguu aliosimamia kilikuwa kimekwisha geuka na kunitazama mimi niliyeshika pedi, vidole vinatazama nyuma. Nikawakagua wale wa kelele: mguu wa chini umetazama pembeni, wengine umetazama mbele kabisa. Umeganda, na kiuno kimeganda nao. Kilichokuwa kinarushwa ni kuanzia goti kwenda chini tu.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza mateke, nikiwa mtu ambaye haruhusiwi kupiga.

Nikueleze kwa nini kisigino kina maneno makubwa hivi. Ukisimama wima na kuinua mguu pembeni, vidole vimetazama mbele, kuna mahali utakwama. Mara nyingi wala si msuli uliokaza. Juu ya mfupa wa paja, kwa nje, kuna nundu ambayo unaweza kuigusa kwa kiganja ukiweka mkono pembeni ya nyonga; mguu ukipanda hivyo, nundu ile inakwenda kubanana na mfupa wa nyonga. Mfupa kwa mfupa, hata unyooshe viungo mpaka kesho haupiti. Kiuno kikigeuka na kuinama kidogo, nundu inapata nafasi ya kupita na mguu unaendelea kupanda. Na kiuno hakiwezi kugeuka vizuri kama mguu wa chini umeganda sakafuni. Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujakubali kwamba una nyonga ngumu, jichunguze kisigino. Huenda nyonga zako hazina neno.

Kuna na la goti. Mwili ukizunguka huku unyayo umegoma, msokoto lazima uishie mahali, na mahali penyewe ni goti la mguu uliosimama: kano zake na gegedu iliyo ndani. Watu wanadhani goti huumia kwa kupigwa. Waulize walioacha mchezo wakusimulie. Wengi waliumia wakipiga hewa.

Nilichofanya mimi nyumbani hakikuwa na uzuri wowote wa kutazama. Mkono ukutani, pekupeku, goti juu, ngoja. Kisigino geuza, ngoja. Fungua mguu, ngoja. Rudisha goti lilikokuwa, ngoja, ndipo ushushe. Polepole mpaka ukereke. Sehemu ya kurudisha goti ndiyo watu wanayoiruka, wanaacha mguu uanguke wenyewe kama gunia, na mtu ambaye mguu wake umeanguka mbele ya mpinzani amekwisha kula teke la majibu. Kiwango nilipiga cha chini, usawa wa goti tu. Mguu haukuruhusiwa kupanda kama kisigino hakijageuka. Nikipandisha na kisigino kikasahau, narudi chini. Wiki zikapita hivyo, sina la ziada la kusimulia.

Kilichonisaidia zaidi ni kujua kwamba kuna juu mbili. Kuna urefu ambao mtu akikushika kisigino na kukuinulia mguu unafika, na kuna urefu ambao unaweza kuushikilia mwenyewe akikuachia. Jaribu leo: weka kisigino juu ya meza, kisha kiinue kidogo bila mikono. Mguu hautaki kabisa, sivyo? Hapo huna shida ya kunyooka, una shida ya nguvu, misuli ya mbele ya nyonga na ya tako la mguu uliosimama. Wengi wanaongeza kunyoosha viungo mwaka hadi mwaka wakati wanachokosa ni nguvu. Nyoosha, sikukatazi, lakini kule kukaa msamba muda mrefu weka mwisho, baada ya mazoezi. Ukifanya mwanzoni kisha ukaenda moja kwa moja kupiga, misuli hupungukiwa mlipuko kwa muda. Mwanzoni pembeza miguu, mbele na nyuma, kulia na kushoto, ukianzia chini.

Na geuza kisigino. Nitalirudia mpaka ulichoke.

Kuna Mmarekani, Bill Wallace, bingwa wa kickboxing wa miaka ya 1970, aliyebandikwa jina la Superfoot. Goti lake la kulia liliumizwa kwenye judo. Mtu mwingine angefunga virago. Yeye akawa anapigia mguu wa kushoto tu, na huo mmoja uliwatosha. Alistaafu bila kupigwa. Wanaomsifia wanasifia kasi ya ule wa kushoto, nami nausifia, lakini jiulize alikuwa amesimama juu ya upi. Ule ule mbovu. Halafu goti la kushoto alikuwa analikunja na kulileta kwa namna moja, kisha hapohapo linatoka teke la ubavu, la mzunguko au la ndoano, mpinzani hajui lipi linakuja. Mateke matatu, mwanzo mmoja. Na wewe una mkanda wa bluu unataka kujifunza teke la kuruka na kuzunguka mara mbili!

Au tazama fainali ya taekwondo ya kilo 80 kwenye Olimpiki ya Rio 2016. Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast yuko nyuma, 4 kwa 6, saa inaisha, na ndani ya sekunde ya mwisho anageuka na kumpiga Mwingereza Lutalo Muhammad teke la kuzunguka kichwani. Ikawa 8 kwa 6, na nchi yake ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Nimelitazama lile teke mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye familia. Kila ukilirudia, funika kwa kiganja sehemu ya juu ya skrini ubaki na miguu. Utajifunza zaidi.

Halafu nani kakudanganya kwamba teke la kifuani ni aibu? Kwa kanuni zilizotumika Tokyo na Paris, teke la kawaida la mwilini lilikuwa pointi 2 na la kichwani 3. Tofauti ni 1. Na ile hogu, kinga ya kielektroniki ya kifuani, haisikilizi mlio, inapima uzito wa teke. Likiwa jepesi haihesabu kitu. Mtu mwenye teke la kifuani linalozama, analolirudisha haraka, namwogopa kuliko mwenye msamba wa kupigia picha.

Turudi kwangu, maana sijamaliza kuringa. Kwenye mtihani wa juzi nilitakiwa kufanya poomsae ya Koryo, yaani mfululizo wa mbinu uliopangwa ambao mtu anaufanya peke yake. Wanaoijua wanajua ilipo mitego yake: mateke mawili ya ubavu kwa mguu mmoja, la kwanza chini usawa wa goti, la pili juu, na mguu haugusi sakafu katikati. Hapo hakuna kasi ya kukuokoa. Niliona kijana aliyenitangulia, ana miguu ya mpira, la pili likapanda hadi juu ya kichwa chake, ila mguu wa chini ukarukaruka akitafuta mizani, mtahini mmoja akainama kuandika. Zamu yangu: la chini, rudisha, kisigino, la juu. La juu lenyewe lilifika usawa wa kifua changu. Kifua, narudia! Mguu wa chini ukatulia. Yule aliyeandika kwa kijana, kwangu kalamu aliiweka mezani. Natamani yule bwana wa zege angekuwepo. Nasema kweli, nilimtafuta kwenye viti.

Ndugu zangu, tumeharibiwa na picha. Mtu ana mwezi mmoja ukumbini, anapiga picha mguu umefika dari, anapata sifa, na mwezi wa tatu anasema amechoka, mchezo haumfai. Mchezo haumfai, au sifa zimepungua? Mazoezi ya kweli hayana mtazamaji. Siku ya kazi nyingi, fanya hata dakika chache ukishikilia ukuta. Ukiumwa mguu, fanya mguu mwingine. Ukikosa ukumbi, una sakafu. Usiniambie huna muda na jana usiku ulikuwa mtandaoni ukisoma watu kama mimi.

Kuhusu kuacha: usiache kwa sababu ya mdomo wa mtu. Ukiacha kwa sababu umepata kitu unachokipenda zaidi, nenda na baraka zangu. Ila huyo kocha anayekwambia hutabadilika, muulize kwa adabu: "Mwalimu, naomba unitazame mguu wa chini, nakosea wapi?" Akiweza kukujibu, kaa naye, ni mkali tu. Akishindwa kujibu na akarudia habari za nyonga, tafuta ukumbi mwingine, mchezo ubaki uleule.

Na nitumie video, wewe na yeyote mwenye shida kama hii. Simu iweke sakafuni, umbali wa hatua kama tatu, ikitazama nyayo zako. Piga teke la mzunguko usawa wa goti, mguu wa kulia kisha wa kushoto, polepole. Kichwa kikikatwa kwenye picha haidhuru. Mkinitumia za mguu hewani na muziki juu yake sitazifungua.