Unga wa njano na kalamu mdomoni

Nilipokabidhiwa funguo za stoo ya kemikali chuoni, nilikuta nyuma ya rafu chupa ya kahawia yenye unga wa njano: asetati ya uranili, chumvi ya urani, metali yenye mionzi. Waliotutangulia waliitumia kupimia sodiamu. Siku ya kwanza kuigusa nilivaa aproni ya risasi, ile ya chumba cha eksirei, jasho likinitiririka. Na kalamu iko mdomoni.

Kituko kitupu. Miale ya alfa inayotoka kwenye urani haipenyi hata karatasi, sembuse ngozi. Hatari ni chembe za unga kuingia mwilini kwa pumzi au kwa mdomo. Tena urani-238 huchukua miaka bilioni 4.5 kupungua nusu, kwa hiyo mionzi yake ni hafifu. Kinachotangulia kuumiza ni sumu yake kwenye figo.

Sikulielewa vizuri hadi niliponunua tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno, ya kukagulia noti bandia. Chumvi za uranili hung'aa kijani chini yake. Jioni moja nikazima taa, nikamulika mizani tuliyoifuta asubuhi. Vidoa vya kijani kwenye sahani, kwenye kitasa cha kabati, kwenye jalada la daftari langu. Daftari nalibeba kwenda nalo nyumbani! (Karatasi nyeupe nayo hung'aa, ila rangi ya buluu, usije ukapiga kelele bure. Na tochi haichukui nafasi ya kipima mionzi.)

Tangu hapo sipimi unga huo mezani. Chupa ndogo yenye kifuniko naipima tupu, naipeleka kwenye kabati la kuvuta hewa, natia unga, nafunga, ndipo narudi kwenye mizani. Ukiweza kununua mchanganyiko ambao tayari ni maji, nunua; unga unapeperuka. Ukimwagika usifagie, futa kwa karatasi mbichi. Glovu navua kabla ya kushika kitasa au simu.

Maji ya kwanza ya kusuuzia vyombo hayaendi kwenye sinki, yanaingia kwenye dumu lenye lebo na tarehe, linalomsubiri afisa usalama wa mionzi wa chuo. Hapa Tanzania anayesimamia mambo haya ni Tume ya Nguvu za Atomiki. Ukikuta chupa kuukuu ya nitrati ya thori, usiifungue kabisa: hutoa gesi yenye mionzi. Mwite afisa huyohuyo.

Kalamu ya maabara nimeifunga kamba kwenye mguu wa meza. Haifiki mdomoni.