"So do I" au "Neither do I"?

Ndugu, mwenzako alisema "I don't eat fish", ukajibu "So do I" ukitaka kusema kwa Kiingereza "hata mimi sili"; hapo ulikosea. Kauli ikiwa ya kukanusha, jibu huanza na "Neither": "Neither do I". "So" ni ya kauli yakinishi tu. Angalia "never", inawanasa wengi: "I never drink coffee" haina "not", lakini ni kanushi, jibu ni lilelile.

Kisha chukua kitenzi kisaidizi cha mwenzako (kama "is", "have" au "can"), ukilinganishe na mtenda wako: "She is tired", "So am I". Kisipokuwepo, tumia "do", "does" au "did" kwa kufuata wakati: "I went home", "So did I". Kisaidizi hutangulia mtenda. "So I did" maana yake ni "kweli, nilifanya". Kwenye mazungumzo, "Me too" na "Me neither" zinatosha kabisa.