Mkataba Unaisha Septemba: Anza na Daftari

Ujumbe wa wiki hii umetoka kwa dada mmoja wa Dodoma. Mkataba wake wa miaka miwili unaisha tarehe 30 Septemba, bosi hasemi lolote, usingizi umemkimbia. Anauliza ujasiri anautoa wapi. Dada yangu, ule wa kuambiwa "jipe moyo" hauvuki usiku mmoja. Unaodumu ni wa kujua pesa itakata mwezi gani, na umejipangaje kabla ya hapo.

Kwa hiyo CV isubiri kidogo. Chukua daftari, andika matumizi ya mwezi usiyoweza kuyakwepa: chakula, umeme, maji, nauli, dawa, na kile unachomtumia mama kila mwezi. Tuseme ni shilingi 350,000, na akiba yako ni 1,050,000. Hapo una miezi mitatu, Oktoba hadi Desemba. Kinachovuruga hesabu hii ni kodi ya nyumba. Kwetu hulipwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, ndiyo maana huisahau mpaka mwenye nyumba abishe hodi. Kama yako inaisha Novemba na chumba ni 100,000, basi 600,000 katika akiba hiyo si zako. Umebaki na 450,000, mwezi mmoja na siku chache. Najua inauma. Zungumza na mwenye nyumba sasa, ukiwa bado na mshahara, umwombe ulipe miezi mitatu mitatu. Akikubali, akiba inakuvusha mpaka mwanzoni mwa Desemba.

Kisha nenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uombe taarifa ya michango yako. Fao la kukosa ajira linataka michango isiyopungua miezi 18, na hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Umefanya kazi miezi 24, lakini hesabu michango iliyoingia kweli, mwezi kwa mwezi. Mwajiri anaweza kuwa anakata kwenye mshahara na hapeleki, na hilo ni afadhali ulijue Julai kuliko Oktoba. Linganisha pia jina lako kwenye taarifa hiyo na lililoko kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA. Herufi moja ikitofautiana, madai yanaweza kukwama.

Na hapa nakusihi kabisa: usiandike barua ya kuacha kazi. Ukimya wa bosi unachosha, na mtu aliyechoka hutamani kuondoka mwenyewe ili asionekane ameachwa. Anayeacha kazi kwa hiari halipwi fao hili. Heshima unayoilinda kwa barua hiyo itakugharimu theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Fika kazini mpaka siku ya mwisho.

Kwa bosi, andika barua ya nusu ukurasa, miezi miwili kabla, ukiuliza kama mkataba utahuishwa. Nakala yako igongwe muhuri au isainiwe kwamba imepokelewa. "Tutaangalia" ya kwenye korido haikupi kitu cha kushika, kwa sababu mkataba wa muda maalumu huisha wenyewe tarehe yake ikifika. Katika barua hiyohiyo omba hesabu ya siku za likizo ambazo hujachukua. Sheria inatoa siku 28 kwa mwaka, na zilizobaki hulipwa. Kiinua mgongo usikiweke kwenye daftari, isipokuwa mkataba wako wenyewe umekitaja: muda ukiisha tu, sheria haimlazimishi mwajiri kukilipa. Cheti cha utumishi ni haki yako, kidai.

Sasa CV, na watu. Andika majina kumi ya waliowahi kuona kazi yako, wateja wakiwemo, uwapigie wawili kila wiki, ukiwaeleza unafanya nini na utakuwa huru lini. Namba zao zihamishie kwenye simu yako mapema, pamoja na nakala za tathmini zako za kazi, maana barua pepe ya ofisi inaweza kufungwa jioni ileile unayoagwa.